Damu ya Kulinganishia

8 Januari

Kwako mwanangu, kifungua mimba wangu na kitindamimba wangu,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko utakazoweza kuzimaliza kwa siku moja. Mimi mzima, ila goti la kushoto limeamua kuzeeka bila kunishauri. Mjomba wako mzima, bado anabishana na redio na bado redio inashinda. Bati la jikoni limepigiliwa upya; halivuji tena, sasa linalia upepo ukipita. Shule imefunguliwa. Chai ya walimu ni mimi, ufagio ni mimi, na tangu mwezi huu kengele pia ni mimi, maana mzee wa kengele amestaafu na mkuu wa shule akasema kwenye suala la saa hamwamini mtu mwingine. Sijisifu. Nakueleza alivyosema.

Barua yako ya Desemba niliisoma chumba cha walimu. Usinune. Waliniomba. Haya, niliwaomba waniombe. Nilipofika pale unaposema kila mkiotesha damu za wagonjwa huko maabara lazima iwepo na damu ya mtu asiye na kasoro, ya kulinganishia, na kwamba huu ni mwaka wa pili damu hiyo ni yako, nilirudia mara mbili ili iwaingie. Mwalimu wa sayansi, yule tunayemwita Miwani, akasema, "Mama, sisi kitaalamu hiyo tunaiita kontroli." Nikamwambia sisi nyumbani tunaiita malezi.

Basi akachukua chaki akanichorea. Ndani ya kila seli kuna kromosomu arobaini na sita, zinakwenda mbili mbili, moja ya mama na mwenzake wa baba. Seli ikitaka kugawanyika, kila moja inatoa nakala yake, halafu zote zinajipanga katikati kama wanafunzi mstarini asubuhi. Kisha zinavutwa, nakala moja upande huu, nakala moja upande ule, na hakuna anayebaki uwanjani. Nikamwambia hayo nayajua, mstari wa asubuhi ndiyo kazi yangu. Sasa mtaa mzima unafahamu kwamba hospitali kubwa huko inapimia watu damu yangu, maana wewe hiyo damu uliitoa wapi? Dada wa duka la dawa siku hizi ananiamkia yeye kwanza.

Sasa lililonikalisha niandike. Simu siitaki kwa mambo haya. Simu yangu inasikika mpaka kwa jirani, barua angalau ina bahasha. Huu ni mwaka wa nne wa ndoa yako. Mimba ya kwanza ilitoka, nikasema ni bahati mbaya. Ya pili, Novemba, uliniandikia mistari miwili halafu ukaniuliza habari za bati. Mwanangu, kwetu hatuna hilo. Kwetu wanawake wanazaa kama wanavyopiga chafya. Mimi nilizaa mmoja kwa sababu mmoja alitosha. Kwa hiyo tutazame upande wa pili wa kitanda. Mumeo simchukii, ana adabu, na mikate yake nimeila. Lakini mtu anayeshinda kwenye hamira tangu alfajiri na mwenyewe haumuki, shingo kama mpini wa mwiko, nina maswali naye. Nimemgusia mjomba wako, juu juu tu.

Mama yako anayekupenda, mgonga kengele.


2 Februari

Shikamoo mama,

Huku tumo. Ukuta wa chumba umepakwa rangi, mwenye nyumba kachagua kijani ya hospitali, kwa hiyo nikitoka kazini narudi kazini. Mkwe wako anakusalimu. Alitaka nikutumie mkate, nikamwambia utafika umekuwa tofali.

Mama, barua zangu usizisome chumba cha walimu.

Halafu damu yangu haimpimi mtu. Tunaiotesha siku tatu pamoja na za wagonjwa ili kuhakikisha dawa na chombo vinafanya kazi. Yangu ikiota, tunajua chombo ni kizima. Ni kama wewe kuonja chai kabla ya kuwapelekea walimu. Nilijitolea kwa sababu nilikuwa karibu na sindano.

Wiki ijayo tunaanza rangi mpya. Mpaka sasa tulikuwa tunahesabu tu. Tunatia dawa inayozisimamisha kromosomu zikiwa zimejipanga katikati, kabla hazijavutwa, tunazitazama kwenye hadubini: arobaini na sita, tunafunga faili. Rangi mpya inaipa kila moja milia yake, utajua hii ni namba tatu, hii ni namba kumi na moja, na kama kuna kipande kimehama utakiona. Mkuu wa maabara amesema tujifunzie kwenye damu yangu, kwa kuwa tunajua haina kitu.

Mume wangu mwache. Na goti lipake mafuta ya moto.

Mwanao.


20 Februari

Kifungua mimba wangu na kitindamimba wangu,

Goti limesikia mafuta yako, limepunguza kiburi. Mjomba wako amenunua redio nyingine, sasa zinambishia mbili.

Barua yako sikuisoma chumba cha walimu. Niliisoma nje ya mlango, ukawa wazi.

Miwani ana ombi, nami nimeshamkubalia kwa niaba yako. Anataka picha ya kromosomu zako kwa hiyo rangi ya milia, aibandike darasani, wanafunzi waone za mtu kamili. Nimemwambia aandae ukuta. Itume upesi, maana nimeshamwahidi mkuu wa shule, na yeye amemwahidi mkaguzi.

Mjomba wako anasema jambo la mumeo haliwezi kuachwa lijiozee. Anasema mwanamke wa miaka thelathini na miwili hana muda wa kusubiri mtu aumuke. Maneno ni yake. Ya hamira nilimwazima mimi. Tunafikiria kikao cha familia. Si kwa ubaya. Mumeo aitwe, aelezwe kwa heshima, akuachie, urudi nyumbani, uanze upya na mtu mwenye shingo.

Picha usisahau.

Mama.


17 Aprili

Shikamoo mama,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kazi zilikuwa nyingi. Mkwe wako mzima. Tumebadilisha pazia.

Picha haijawezekana. Mashine ina tatizo.

Nina swali moja, na ni la kikazi. Kabla yangu, uliwahi kubeba mimba nyingine?

Mwanao.


5 Mei

Kifungua mimba wangu na kitindamimba wangu,

Miezi miwili, halafu unaniletea habari za pazia. Hata hivyo nimeipokea, nimeibusu, nimeiweka kwenye kopo na wenzake.

Habari za huku ni nyingi. Mkaguzi alikuja, akaona ukuta mtupu, Miwani akajitetea kwamba picha iko njiani. Paka wa jirani amezaa saba chini ya kabati letu la vitabu vya hesabu. Mkuu wa shule amenipa saa ya mkononi ya kazi, ya kengele, nami naivaa hata Jumapili ili isisahau. Mjomba wako alianguka kwenye ngazi, hakuumia, ila ngazi imevunjika.

Na sasa kaa chini. Mumeo ameniandikia. Mwenyewe, kwa mkono wake, karatasi ina unga pembeni. Anasema: "Mama mkwe, kasoro iko kwangu, nimepimwa. Nakuomba usimsumbue mwenzangu, na mtakaloamua nitalikubali." Nimeisoma mara tatu. Unaona mama yako? Sijaishika hadubini hata siku moja, na niliona kutoka huku. Kwa ukweli wake nimemheshimu kidogo, nimemrudishia shingo nusu. Lakini kikao kipo, Jumamosi ya tatu ya Juni, na yeye ameitwa. Ameshajibu kwamba atakuja.

Swali lako la kikazi nimeliona. Wino ulikuwa umefifia.

Mama.


19 Mei

Shikamoo mama,

Barua hii isome ndani, mlango ukiwa umefungwa, na wewe ukiwa upande wa ndani.

Barua yako ina kurasa nne, paka wana nafasi humo, ngazi ina nafasi, swali langu halina. Basi nianze mimi.

Mume wangu amekudanganya. Damu yake niliiotesha mwenyewe, milia yake yote iko mahali pake. Kasoro ni yangu. Tulipoipaka rangi mpya ile damu isiyo na kitu, mkuu wa maabara alitazama, akaniambia nikae, kisha akasema kwa upole kwamba itafaa tutafute mtu mwingine wa kujitolea.

Nikueleze kwa masweta ya shule. Una kabati lenye masweta arobaini na sita, mawili mawili, kila jozi na namba yake. Kwangu mimi, sweta moja la namba tatu na moja la namba kumi na moja yamebadilishana mikono. Hakuna kilichopotea, vitambaa vyote vimo kabatini, ndiyo maana mimi ni mzima na ndiyo maana tulipohesabu tu hatukuona. Lakini yai likitengenezwa, kila jozi inagawana, moja linakwenda, moja linabaki. Yakienda masweta yote mawili yaliyobadilishana, mtoto atakuwa kama mimi. Yakienda yale mawili ya kawaida, mtoto hana neno. Likienda moja tu kati ya yaliyobadilishana, mtoto anapata mkono wa ziada wa namba moja na kukosa wa namba nyingine, na kwa hesabu hiyo mwili haujengeki. Mimba inatoka. Si hamira, si shingo.

Bado tunaweza kupata mtoto. Hakuna anayeweza kuahidi ni mara ya ngapi. Lakini ni lazima niwe na mume, mama, na huyu ndiye ninayemtaka. Alikuandikia bila kuniambia. Nilipomuuliza akasema bora wamseme yeye, kwetu walishazoea kumsema. Mkimwambia aondoke ataondoka, kwa sababu ameshakubali mbele yako. Nitakuwa nimeachwa na mtu kwa kosa langu mimi, na yeye akiwa na adabu mpaka mwisho.

Mabadiliko haya ama nimeyapata kwako, ama kwa baba, ama yalianzia kwangu. Ndiyo maana niliuliza. Nauliza tena.

Mwanao.


11 Juni

Mwanangu,

Sote wazima. Mvua imekatika.

Nilimuuliza Miwani, nikasema ni habari ya rafiki. Akasema jambo hilo linaweza kutoka kwa baba vilevile. Nadhani ni hivyo. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mpole, hatapinga.

Kikao siwezi kukivunja. Watu wameshaambiwa, na mjomba wako ameazima viti.

Mama.


15 Juni

Mama,

Anakuja Ijumaa. Kwenye begi lake kuna vichupa viwili vyenye dawa ya kuzuia damu isigande. Ukikubali, muuguzi wa zahanati yenu akutoe damu asubuhi ya kuondoka kwake, naye ataileta siku hiyo hiyo. Usipokubali arudi navyo vitupu, sitauliza mara ya tatu.

Amekataa kuja na barua ya majibu ya vipimo vyake. Anasema mtu haendi ukweni na karatasi za kujitetea.

Mwanao.


24 Juni

Kwako mwanangu wa tano,

Umesoma vizuri. Nimeandika wa tano.

Kwanza nikupe habari. Alifika Ijumaa mchana na mikate sita, na hakuna uliokuwa tofali. Akanisaidia kupanga viti vya kikao cha kumfukuza yeye. Nilimwona akipangusa kile cha mbele na shati lake, nikamuuliza hicho ni cha nani, akasema, "Cha mjomba, mama, mgongo wake si mzuri."

Jumamosi walikaa watu kumi na mmoja. Mjomba wako akafungua, akakohoa, akasema sisi hatuna ugomvi na mkwe, tuna ugomvi na hali. Alipofika kwenye ubora wa damu yetu, akanitazama niongeze, maana kawaida pale ndipo ninapoongeza. Nikasimama. Goti likanisaliti, nikashika kiti.

Nikawaambia: kabla ya huyu binti nilibeba wanne. Wawili walitoka kabla ya kuonekana. Wa tatu alitoka mwezi wa tano. Wa nne alizaliwa, wa kike, akakaa nasi siku mbili. Hamkujua kwa sababu tulikuwa tunaishi mbali, kule baba yake alikohamishiwa kikazi, na niliporudi kwenu nilirudi na mtoto mkononi, mkashangilia, na mimi nikaona kwa nini niharibu. Kwa hiyo hali mnayoitafuta msiitafute kwa huyu kijana. Iko huku kwangu.

Unadhani walisema nini? Walicheka. Si kwa ubaya, walicheka kama watu wanaomwonea mtu huruma. Mjomba wako akasema, "Dada, keti. Moyo wako mzuri, lakini damu yako tumeisikia miaka thelathini, leo unataka kuichafua ili umsitiri mkwe?" Shangazi yako akasema nimezeeka vizuri, sasa nina huruma mpaka ya uongo. Nikaapa. Wakasema ona, mpaka anaapa.

Kisha mumeo akasimama, akasema mama anamwonea huruma, kasoro ni yake. Nikamwambia keti. Akasema hapana mama, keti wewe. Tukawa kama watu wawili mlangoni, pita wewe, hapana, pita wewe. Mjomba wako akapiga meza, akasema hajawahi kuona kikao ambacho mshtaki na mshtakiwa wanagombania kosa, na kwamba ndoa yenye mama mkwe wa aina hii haivunjiki hata kwa shoka. Akafunga. Tukala mikate.

Kwa hiyo ndoa yako umebakiwa nayo. Sikuiokoa kwa ukweli, wameiacha kwa sababu isiyo sahihi, lakini mumeo ni wako.

Jumapili asubuhi nilitolewa damu. Muuguzi alitafuta mshipa mara mbili, nikamwambia polepole, damu hiyo inasafiri. Mumeo alivikumbatia vile vichupa kwenye kitambaa. Konda alitaka lile begi liende juu, akakataa.

Sikukujibu Mei kwa sababu sikuwa nimewahi kulitamka, hata kwa baba yako baada ya ule mwaka wa mtoto wa siku mbili. Hatukupatana kulinyamazia. Tulinyamaza tu.

Mama.


9 Julai

Shikamoo mama,

Damu yako imeota vizuri kuliko zote za wiki ile. Najua ungetaka kujua hilo kwanza.

Ni kwako. Namba tatu na namba kumi na moja, zimekatika palepale, zimebadilishana kilekile. Nimeziweka picha zetu mbili sambamba na siwezi kusema ipi ni ya nani mpaka nisome jina. Baba tumwombe radhi.

Nilisoma habari za wale wanne nikiwa kwenye benchi la nje la maabara, nikashindwa kurudi ndani kwa muda. Ningekuwa na dada wa miaka thelathini na minne. Huyo wa siku mbili nadhani alipata mkono wa ziada, nao watatu vivyo hivyo. Yaliamuliwa yai lilipokuwa linagawana masweta yake, mama, kabla hata hujajua kwamba una mimba. Baada ya hapo hakuna ambacho ungefanya au usingefanya.

Mkwe wako anauliza goti.

Mwanao.


2 Agosti

Mwanangu,

Goti mwambie linamsalimu. Mjomba wako mzima. Paka saba wamegawiwa, mmoja amekataa kuondoka.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, zaidi sehemu moja, ile ya yai. Nataka niwe na hakika nimeelewa, kwa hiyo nakuandikia ninavyoelewa, nawe unisahihishe kama nimekosea.

Yule wa mwezi wa tano. Siku ile maji yalikuwa hayapandi juu kwetu, na baba yako akasema nisinyanyue ndoo, anakuja sasa hivi. Mimi sipendi kusubiri. Nikainyanyua, kutoka bomba la chini mpaka ghorofani, ngazi ishirini na mbili. Jioni ikawa vile. Baba yako hakunilaumu hata kwa jicho, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aliyefuata sikunyanyua hata kikombe, naye akakaa siku mbili, nikajua ninaendelea kulipishwa. Ulipozaliwa wewe na ukaishi, nilianza kusema kwa sauti kubwa kwamba damu yetu ni nzuri. Nikazoea.

Sasa wewe unasema ilikuwa imeshaamuliwa. Siku ya ndoo ilikuwa imeshaamuliwa miezi mitano nyuma, na ningekaa kitini siku nzima na miguu juu ya mto, jioni ingekuwa vilevile. Hivyo ndivyo ninavyoelewa. Kama sivyo, usiniandikie upesi.

Na wewe usije ukatafuta ndoo yako. Najua unatafuta, wewe ni wangu mpaka namba kumi na moja. Haipo.

Ukibeba tena niambie siku hiyo hiyo, usiandike habari za pazia. Nitasubiri nawe, wiki kwa wiki, na ikitoka tutalia wote, na ikikaa nitanyamaza. Sitamwambia mtu. Haya, nitamwambia mjomba wako. Lakini usijali, siku hizi nikisema kweli hakuna anayeniamini.

Mama yako.